Ghuba Isiyotajwa Kwa Mama Leonida

Lynnet aliishia darasa la nane, lakini kila jiwe la kisiwa cha Mfangano alilijua kwa jina lake la Kisuba, lugha ya kwao. Bibi yake alimlea na majina hayo, ingawa siku hizi kisiwani watu wanaongea Kijaluo tu. Ndiyo maana mdogo wake, Orpah, aliporudi kutoka shule Jumamosi mchana na karatasi yake kubwa, alimwendea yeye kwanza.

Chuo kimoja kilitafuta mwanafunzi mmoja kutoka makabila madogo, kimsomeshe jiografia bure. Kila mwombaji achore ramani ya kwao, majina yote yawe ya lugha yao. Mwisho ni Jumatatu.

Lynnet alimpa mtoto wake mchanga titi, akaanza kutaja. Mlima. Kijito. Mwamba wa kuanikia dagaa wa omena.

"Wewe ndio profesa, dada, ni vile hawajui," Orpah alicheka, akiandika. Kidole chake kikafika ghuba ya magharibi. "Na hapa?"

Lynnet alikisukuma kidole kando. Hapo ndipo ziwa lilipomchukua kaka yao Chrispine miaka mitatu iliyopita, na mwili haukupatikana. Walizika tunda refu la mti wa yago badala ya mwili, kama ilivyo desturi, lakini mama yao, Leonida, hakuliamini kaburi lile. Alikataza jina la ghuba. Likitajwa, alisema, Chrispine atadhani ameitwa.

"Pita hapo."

"Nikiacha wazi watasema sijui kwetu. Mwalimu Okari amenipigania sana."

"Weka la Kijaluo."

"Si hayo ndiyo hawataki! Dada, nafasi ni moja tu."

Jikoni, mwiko wa mama ulikuwa ukigonga sufuria. Lynnet aliinamia sikio la Orpah, akalitaja jina polepole, kama anayetua mtungi uliojaa. Orpah akaandika.

Mwiko ulinyamaza. Mtoto aliacha titi, akageuza shingo, akautazama mlango mtupu na kutabasamu.

Mama Leonida alitoka jikoni, mikono ina unga.

"Umeliandika?"

"Ndiyo, mama," Orpah alisema, karatasi ameikumbatia.

Wote wawili walingoja matusi. Mama alivuta kigoda, akakipangusa vumbi kwa kanga yake, akakiweka karibu na mlango.

"Basi sogezeni miguu," akasema. "Mwacheni apite."