Sentimita Mbili Nilizozinyamazia

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumamosi, mashua ya nahodha Mshamu iligusa mchanga wa diko letu, pwani tunaposhushia samaki, nami nikashuka kwenda kuwapima samaki wake kwa kipimo nilichokuwa najua kimekosea. Nilijua! Sikughafilika, sikulazimishwa na mtu. Hilo nalikiri kwanza, ili usinionee huruma kabla hujasikia yaliyofuata.

Mimi ni mtu wa makamo, mzaliwa wa Mafia. Shule niliishia darasa la saba, lakini kusoma sikuacha. Vitabu vya uvuvi, vya hesabu, hata vya kutengeneza redio, nimevisoma mwenyewe. Kijiji kilipokubaliana kwamba chewa asiyefika sentimita arobaini arudishwe majini akiwa hai, ili naye apate kuzaa, kamati ya diko ilinichagua mimi kuwa mpimaji. Nani mwingine? Barua zao nawasomea mimi, mirathi yao naipigia hesabu mimi.

Nilichonga ufito wa mkandaa, nikaupima arobaini kwa futi ya kitambaa aliyoniachia marehemu mama yangu, aliyekuwa fundi cherehani. Kisha nikapita chombo kwa chombo, nikakata alama mbili kwenye ubao wa kila mashua na kila ngalawa kwa kuufuata ufito ule. Mvuvi akimtoa chewa kwenye mshipi, anamlaza baina ya alama. Akifika, anabaki. Asipofika, anarudi majini papo hapo.

Samaki mdogo akikutwa dikoni, ananyang'anywa na kuuzwa mnadani, fedha zinaingia kamati. Chombo kikikosa mara tatu, kinaondoka dikoni kwetu, kiwe cha mwenyeji au cha mgeni.

Miezi mitano ilipita bila mwenyeji yeyote kukosa. Nilijisifu sana! Aliyekuwa anakosa ni Mshamu peke yake, mgeni kutoka Kilwa, aliyepiga dago lake, kambi ya wavuvi, kwenye pwani yetu na watu kumi na wanne. Alikuja baada ya mimi kumaliza kukata alama. Nilipotaka kumkatia na yeye, alisema ana futi yake ya chuma, ya useremala, nayo inamtosha. Nikaona ananidharau.

Mara ya kwanza chewa wake mmoja alipungua sentimita moja. Mara ya pili walipungua wawili. Nikaandika daftarini: makosa mawili.

Alhamisi, siku mbili kabla ya Jumamosi ile, seremala wa Baleni aliniletea mlango wa chumba. Vipimo nilimpa mimi, upana sentimita themanini. Tulipousimamisha ulipwaya, pembeni pakabaki mwanya wa kupitisha vidole viwili.

"Fundi, umekula mbao yangu," nikamtania.

"Mbao sijala, kaka. Hebu lete hiyo futi yako."

Akailaza sambamba na yake ya chuma. Themanini ya mama ilikuwa themanini na nne! Kitambaa kilikuwa kimevutika kwa miaka mingi ya kazi.

Fundi akacheka mpaka akakaa chini. "Kwa futi hii kila mteja anaambiwa amekonda!"

Mimi sikucheka. Nilimwomba futi yake kwa dakika moja, nikaingia ndani, nikapima ufito wa mkandaa. Arobaini na mbili kamili.

Naomba unielewe hapa. Wenyeji wote walikuwa wakirudisha baharini chewa halali, na hakuna aliyejua, kwa sababu alama zao zilitokana na ufito uleule. Aliyekuwa anapima sawasawa ni mmoja tu, naye ndiye niliyemwandikia makosa mawili.

Nilikuwa na Ijumaa nzima ya kusema. Baada ya swala, mwenyekiti wa kamati, Bi Rehema, alipita mlangoni kwangu akitoka kwenye shamba lake la mwani, miguu ina matope mpaka magotini.

"Habari za hapa, mtaalamu wetu?"

"Salama, Bi Rehema."

Salama! Neno "mtaalamu" ndilo lililonifunga mdomo. Nikajipangia kuchonga ufito mpya kimyakimya, kisha kupita vyomboni na kusema alama zimechakaa. Nikaomba tu kwamba kesho Mshamu asilete chewa.

Alileta saba.

Sita walipita. Wa saba nilimlaza mchangani, nikamnyoosha mkia, nikamnyoosha tena. Ulibaki mwanya wa upana wa kidole hadi ncha ya ufito. Watu walikuwa wamejaa, wachuuzi na ndoo zao, mke wangu na beseni la chapati alizokuwa akiwauzia watu wa dago kila asubuhi.

"Kachelewa kukua huyo!" mchuuzi mmoja akapiga kelele. "Mgeni, umembeba mtoto hajaaga kwao!"

Watu wakacheka. Mshamu hakucheka. Alichomoa futi ya chuma kiunoni.

"Bwana mpimaji, mimi na wewe ni rika moja, tusipigizane kelele. Huyu nimempima baharini, ana arobaini na moja. Kama angepungua ningemrudisha, kama nilivyorudisha wengine leo. Naomba apimwe kwa zote mbili, watu waone."

"Futi ya dukani hiyo," nikasema. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. "Kila futi ya dukani ina maneno yake. Ufito huu ni wa kamati."

Bi Rehema akasogea, akanitazama mimi, si samaki. "Ngoja kwanza. Hili ni kosa la tatu, na kosa la tatu ni watu kumi na watano kuondoka katikati ya msimu. Nakuuliza mbele ya watu: ufito wako una hitilafu?"

Neno moja tu, ndiyo, na yote yangekwisha pale pale kwa aibu ya siku mbili tatu!

Nikasema, "Vyombo vyote vya kijiji vimepimwa kwa ufito huu. Nani mwingine amewahi kulalamika?"

Angalia ujanja wangu. Hakuna neno la uongo katika jibu lile, na lote lilikuwa uongo.

"Hakuna," watu wakaitikia. "Hakuna!"

Mshamu aliirudisha futi yake kiunoni taratibu. "Haya. Pwani ni yenu."

Maji yalipojaa alasiri, walikuwa wamekwisha kung'oa makuti ya dago na kupakia masufuria. Mke wangu alirudi na beseni lake. "Wale watu hawakuwa wezi," akaniambia.

Nilikaa na jambo hili siku tisa. Kila nikiona chombo kinarudi, nawaza chewa wangapi wazuri wametupwa leo kwa ajili yangu. Siku ya kumi nikaomba kikao, nikaweka mezani ufito, futi ya mama na futi ya chuma niliyoinunua Kilindoni, nikaeleza yote.

Mvuvi mmoja akasema, "Miezi mitano! Chewa wa mwambani watakuwa wanakuombea dua, bwana."

Bi Rehema hakutabasamu. "Alama tutazikata upya. Upimaji utamkabidhi mwingine, leo hii. Na kumpigia Mshamu utampigia wewe, si kamati."

Nilimpigia nikiwa nimesimama. Aliniambia kwamba madiko mawili aliyokwenda yalikwisha kujaa, watu wake wametawanyika, mashua ameivuta juu kwao Kilwa. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Siku ile, ulikuwa unajua?"

Ningeweza kusema niligundua baadaye. Nani angenipinga?

"Nilikuwa najua."

Nilisikia anapumua. "Nilikuona. Ulinitazama miguu, uso hukuniangalia. Nikasema moyoni, huyu anajua." Akakata simu.

Ndugu msomaji, kama umekabidhiwa kipimo chochote, mizani ya korosho, kibaba cha mchele, ufito wa samaki, na ukagundua kimekosea, kiseme siku ileile, mbele ya haohao wanaokuita mtaalamu. Usingoje kukitengeneza kimyakimya kama nilivyotaka mimi. Mimi sikuvunja sheria ya chewa hata siku moja, lakini nimewafukuza watu kumi na watano kwenye riziki yao. Kukosea kupima ningesamehewa!

Samaki wake wanne waliouzwa mnadani niliwatafuta daftarini, nikajumlisha bei zao, nikamtumia kwa simu fedha yangu mwenyewe. Haikupita robo saa, simu ikalia. Alikuwa ameirudisha yote, shilingi elfu thelathini na saba na mia tano, bila neno hata moja, na makato ya kuituma amejilipia yeye.