Bunduki ya Estel Fugate

Clovis Ratliff aliikanyaga bunduki yake mwenyewe kwa gari lake mwenyewe, asubuhi peupe, akiwa hajaonja pombe hata tone. Hilo la mwisho ndilo lililomuuma zaidi, maana hakuwa na cha kusingizia. Alikuwa ameiegemeza kwenye gurudumu la nyuma ili afunge kamba ya kiatu. Kamba aliifunga vizuri sana. Kisha akapanda, akarudi kinyumenyume, akasikia mlio. Aliposhuka alikuta mtutu umepinda na kitako kimepasuka vipande viwili.

Kwa mtu mwingine wa Bonde la Sorrel, kule kwenye vilima vya mashariki mwa Kentucky, hiyo ingekuwa hasara ya kawaida, kwa kuwa nyumba nyingi zina bunduki mbili tatu nyuma ya mlango. Lakini Clovis ndiye aliyekuwa akiwapiga risasi nguruwe wa watu siku ya kuchinja. Baridi ya kweli ilipoingia mwezi wa Novemba, wafugaji walimpigia simu mmoja baada ya mwingine: njoo Jumanne, njoo Alhamisi. Naye alikwenda na bunduki yake ndogo, ile wanayoiita ishirini na mbili, yenye risasi nyembamba kuliko penseli. Alisimama mbele ya nguruwe, akangoja ainue kichwa, akapiga mara moja tu. Mnyama alianguka hajui kilichompata. Watu walimheshimu kwa jambo hilo moja, ingawa kwa mengine yote walimwona mkaidi asiyeshaurika. Alikuwa na miaka sitini na minne, vidole vyake viwili vilibaki kwenye kiwanda cha mbao, na kazi nyingine ya kumfanya aitwe na mtu hakuwa nayo.

"Si uazime?" mkewe Verdie alimwambia. "Hobart hapo jirani anazo tatu."

"Nimwambie Hobart nini? Kwamba nimeikanyaga na gari? Atanicheka mpaka Pasaka."

Basi akaanza kutafuta. Dukani mjini, bunduki mpya ilitaka fedha za chakula cha mwezi mzima na zaidi. Kwenye duka la rehani alikuta moja iliyoliwa na kutu, komeo lake halivutiki mpaka utumie mikono miwili, na nyingine iliyopasuka kitako kikagandishwa kwa gundi na kupakwa rangi, kana kwamba wanunuzi wote ni vipofu. Bwana mmoja aliyebandika tangazo kwenye duka la chakula cha mifugo alitaka dola mia mbili kwa sababu ilikuwa ya babu yake. Clovis alimuuliza kama na babu yumo kwenye bei hiyo, na mazungumzo yakaishia hapo.

Oktoba ilikuwa inakaribia kuisha alipoona tangazo la mnada wa vitu vya marehemu Estel Fugate. Trekta, vitanda, vyombo, bunduki ndogo moja. Bunduki ile aliijua. Estel aliipaka mafuta kila Jumamosi, na alikuwa akiwakatalia watu hata kuishika.

Jambo ambalo Clovis hakulijua lilikuwa limesemwa kanisani Jumapili. Renetta, binti wa mwisho wa Estel, aliacha kazi yake kule mjini Dayton akarudi kumuuguza baba yake miaka miwili. Katika nyumba nzima alitaka kitu kimoja tu, ile bunduki, ambayo baba yake alimfundishia kuwinda kindi. Lakini kaka zake watatu, ambao hawaaminiani hata kwa kijiko, walikubaliana kila kitu kiuzwe mbele ya watu na fedha zigawanywe sawa. Kwa hiyo binti ilimbidi anunue bunduki ya baba yake mnadani kama mpita njia. Mambo ya namna hiyo Sorrel hayatangazwi. Hupitishwa sikio kwa sikio, na siku ya mnada mtoto wa marehemu akifungua kinywa kutaja bei, wengine wote hufunga vyao. Clovis hakuwa kanisani. Alikuwa amelisusa tangu majira ya kuchipua, kwa sababu walipaka mlango rangi nyekundu bila kumuuliza.

Siku ya mnada alichelewa, akasimama nyuma ya gari la majani makavu, watu wamejaa mbele yake. Alichokiona ni kofia tu ya dalali, Kanali Sparks. Madalali wa huko wote huitwa kanali, na huyu hakuwahi kuamrisha hata punda.

"Dola ishirini," ilisema sauti ya mwanamke kutoka mbele.

"Ishirini na tano!" Clovis alipaza sauti.

Vichwa viligeuka. Clovis akadhani wanashangaa jinsi alivyo mjanja.

"Thelathini," sauti ile ilisema.

"Thelathini na tano!"

Hakuna aliyekohoa. Wanaume wale wale waliogombania toroli bovu dakika kumi nzima sasa walikuwa wakitazama viatu vyao. Leo wamelala, Clovis alijisemea, na furaha ikampanda mpaka kooni.

"Arobaini." Sauti ilikuwa imepungua.

"Arobaini na tano!"

Kanali alitoa kijiti cha meno mdomoni. "Clovis, ni wewe huyo?"

"Ni mimi."

"Umesema arobaini na tano."

"Nimesema, na nimesikika."

"Una hakika, bwana? Hebu fikiria kidogo. Muda tunao."

"Kanali, unauza bunduki au unaniozesha mke?"

Hakuna aliyecheka, na mzaha wenyewe haukuwa mbaya. Hapo angepaswa kushtuka. Lakini mtu aliyeona kitu cha bei rahisi huwa haoni kingine. Kanali alingoja, akamtazama mwanamke wa mbele, akangoja tena. Kisha akapiga meza kwa nyundo yake polepole, na bunduki ikawa ya Clovis.

Alikuwa kwenye gari lake akichungulia ndani ya mtutu, michirizi yake ya kuzungusha risasi ikiwa safi kama mpya, Hobart Noble jirani yake alipomjia.

"Umefurahi?" Hobart aliuliza.

"Dola arobaini na tano, Hobart! Chungulia mwenyewe!"

"Uliyekuwa ukishindana naye ni Renetta."

Clovis aliishusha bunduki. "Renetta yupi?"

"Kwani wako wangapi? Ilisemwa Jumapili."

"Jumapili sikuwepo."

"Tunajua hukuwepo. Tangu mlango upakwe rangi hujakuwepo."

"Sasa mbona hakuongeza? Angeongeza, ningejua."

"Fedha alikuwa nazo," Hobart alisema. "Amemwambia mke wangu Glenna kwamba kama Mzee Clovis anaitaka kiasi kile mbele za watu, labda Baba alimwahidi. Hakutaka kuivunja ahadi ya baba yake."

Estel hakuwa amemwahidi chochote. Clovis aligeuka, akamwona Renetta kando ya gari lake dogo, akifunga sahani kwa magazeti. Kati yao hazikuzidi hatua thelathini.

"Nenda," Hobart alisema.

Miguu ilitaka kwenda. Lakini Clovis aliifikiria Novemba, siku chache tu mbele, na mashamba matano yanayomngoja, na yeye kusimama kwenye mazizi ya watu mikono mitupu. Aliyafikiria maduka yote aliyozunguka. Akasikia kinywa chake kikisema, "Nimenunua kwa haki."

"Hakuna aliyesema umeiba," Hobart alijibu, akaondoka.

Clovis aliwasha gari. Alipompita Renetta, binti huyo aliinua mkono kumsalimu, kama watu wa huko wanavyosalimu kila gari. Naye akainua wake.

Baridi iliingia kwa wakati wake. Maji ya kuku yaliganda ndooni, milima ikawa myeupe asubuhi. Simu haikulia. Siku ya tatu Clovis aliinua mkono wa simu na kusikiliza kama bado inafanya kazi. Ilikuwa inafanya kazi. Verdie alimwona. Alimwambia mkewe kwamba watu wamechelewa mwaka huu. Alijua anasema uongo, na alijua kwamba Verdie anajua.

Alhamisi, wakati wa chai ya asubuhi, ulisikika mlio wa risasi kutoka kwa Hobart. Kisha nguruwe akapiga kelele. Mlio wa pili, na kelele zikazidi, ndefu, za kukata maini. Verdie aliweka mikono masikioni.

Clovis alichukua bunduki, akavuka ua. Alimkuta Hobart zizini na bunduki yake, na nguruwe anazunguka akigonga mbao, sikio limechanika. Hakuna aliyesema karibu, hakuna aliyesema ondoka. Glenna alifungua lango. Clovis aliingia, akasimama, akazungumza na mnyama kwa sauti ya chini mpaka akatulia na kuinua kichwa. Akapiga. Zizi likanyamaza.

Alipogeuka, Hobart alikuwa ametoa pochi. Alimpa noti ya dola kumi.

"Asante kwa kazi, Clovis."

Kwa miaka ishirini na sita hakuna aliyewahi kumpa Clovis fedha zizini. Mpigaji hupewa nyama ya mgongoni, ile laini, ya kwanza kukatwa, na huketishwa mezani na wenye nyumba kuila ingali na joto. Fedha hupewa mchimba visima, mtu wa kutoka mjini ambaye hutamwona tena. Clovis alingoja sekunde moja, mbili, Glenna amwambie aingie ndani. Glenna alikuwa akifunga lango. Akaipokea noti kwa sababu hakujua afanye nini kingine na mkono wake.

Nyumbani Verdie alikuwa amesikia mlio ule mmoja na kimya kilichofuata. Alishaweka kikaango motoni na mikate midogo ilikuwa ndani ya jiko. Alimtazama mikono.

"Iko wapi nyama?"

Clovis aliweka noti mezani. Verdie aliitazama, kisha akazima moto.

"Nitampelekea Renetta bunduki," Clovis alisema. "Amesharudi Dayton, nako ni mwendo wa saa nne tu. Nitafika kabla ya giza."

"Ungempa siku ile, ingekuwa zawadi," Verdie alisema. "Leo unarudisha tu."

"Najua."

"Na hata ukirudisha, hawatakupigia simu."

"Hilo nalo najua, Verdie."

Mkewe alitoa mikate jikoni, akamfungia minne kwenye kitambaa, akamletea koti.