Taa Iliyotuma Maneno

Nilihamishiwa Kasulu kutoka Tanga kufundisha fizikia, na kila Jumamosi nilipanda bodaboda kwenda kuwafundisha vijana wa kambi ya wakimbizi. Huko nilikutana na mzee mmoja Mkongo, aliyewahi kufundisha elektroniki chuoni kabla ya vita. Tukaamua kutengeneza taa ya kutuma maneno.

Tulihangaika miezi mingi. Kompyuta moja iliiamuru taa ya darini iwake na kuzimika upesi mno, jicho lisitambue. Kidude cha kunasa mwanga, kilichokaa mezani, kilisoma kumeta huko, na kompyuta ya pili ikaandika. Hapakuwa na waya wala mtandao. Siku neno "karibuni" lilipojitokeza kwenye kioo cha kompyuta, mzee alikinga mwanga kwa kiganja, maneno yakakatika. Alipokiondoa, yakaendelea. Vijana wote wakataka kujaribu. Tukapanga kila dawati lipate kidude chake, masomo yawashukie kutoka darini.

Yakaja maonyesho ya ubunifu mjini. Mzee alinyimwa kibali cha kutoka kambini, nikaenda peke yangu. Waamuzi waliipenda kazi, wakaahidi vifaa vya darasa zima. Kisha mwenyekiti wao akaniomba, kwa upole kabisa, nifute jina la mwenzangu kwenye bango, maana maonyesho yalikuwa ya Watanzania. Nikakataa. Nilisema kazi ni yetu wawili. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akatuondoa mashindanoni.

Nilirudi kambini kifua mbele, nikidhani mzee atanishukuru.

"Ungelifuta tu, mwalimu," alisema. "Jina yangu itanisaidia nini huku? Watoto wangelipata ile vyombo."

Nikamwambia huo ungekuwa wizi. Akasema ameshaibiwa nyumba, shamba na chuo, na huu ungekuwa mdogo kuliko yote. Hakupandisha sauti. Afadhali angenifokea.

Jumamosi iliyofuata nilikuta ameufungua mtambo wote. Taa ilikuwa inaangaza tu, kama taa nyingine. Vijana waliniuliza tutaendelea lini, na mzee akainamia redio aliyokuwa akiitengeneza, akaniachia mimi nijibu. Mwisho nikaacha kwenda.

Walimu wenzangu bado hunisifu kwa msimamo ule. Wakianza, naaga.