Arvilla Stroud Hafungi Kibanda

Arvilla Stroud alianza biashara na jogoo mmoja na matetea wawili, na alipotimiza miaka hamsini na minane alikuwa anauza matrekta ya mitumba kwa nusu ya wakulima wa kaunti yao, kule Ohio. Ukinunua trekta kwake likakufia shambani, hukuwa na haja ya kumtafuta. Jumatatu ungemkuta uani kwake, kiti kilekile, anangoja umtukane. Ukishamaliza kutukana, ndipo mnaanza kuzungumza. Kuna wafanyabiashara waliokuwa wajanja kumshinda, wakauza ubovu wakala kona. Leo hakuna anayewakumbuka majina.

Kazi yake ya pili haikuwa na mshahara. Kila Agosti, kwenye maonyesho ya kilimo, alisimamia kibanda cha chama chake cha siasa, kile chenye nembo ya tembo. Kibanda kilikuwa mlangoni pa zizi la ng'ombe wa mashindano, mahali ambapo hapiti mtu asikione. Alikipata mwaka 1953 kwa kubembeleza, kutisha na kupeleka pai za tufaha, kwa mpangilio huohuo, na tangu hapo hakukiachia. Sheria ya maonyesho ilikuwa fupi: kibanda ambacho hakina shughuli kufika saa sita mchana siku ya kwanza, anapewa aliye kwenye foleni. Muuza mashine za kukamua maziwa alikuwa kwenye foleni hiyo kwa mwaka wa sita.

Mwaka 1972 Arvilla alipita nyumba kwa nyumba akimnadi Rais Nixon, wa chama chake, achaguliwe tena. Aligawa beji zenye uso wake kama mtu anayelisha kuku. "Huyu hasemi uongo," aliwaambia watu. "Mimi namdhamini."

Miaka miwili baadaye yakawa yale yaliyokuwa. Wezi walikuwa wamekamatwa katika ofisi ya chama pinzani mwaka uleule wa uchaguzi, Rais akasema hajui lolote, na mwishowe kanda za sauti yake mwenyewe zikamuumbua. Alhamisi alitangaza kujiuzulu. Maonyesho yalikuwa yafunguliwe Jumamosi.

Ijumaa asubuhi simu ya Arvilla ililia. Alikuwa Clayton Huff, wakili, mwenyekiti wa chama katika kaunti.

"Bi Stroud, mwaka huu kibanda tunakiacha. Upepo ukipita tutarudi."

"Tutarudi wapi? Wauza mashine watakuwa wameshatundika bango."

"Watu wana hasira. Watakuchana."

"Mimi ndiye niliyewauzia, Bwana Huff. Wakamchane nani mwingine?"

"Hilo ni agizo la chama."

"Nimelisikia," alisema Arvilla, akakata simu.

Jumamosi alifika na meza, kiti kimoja na ndoo ya bati ya kukamulia. Picha za Rais hakuzileta. Vitambaa vya rangi hakuvileta. Alivaa gauni lake la kanisani, akakaa.

Watu walipita. Waliokuwa wakimsalimu kwa kelele kila mwaka sasa waligundua kwamba viatu vyao vinahitaji kutazamwa. Saa sita kasoro robo akaja Delbert Oakes, msimamizi wa maonyesho, na fomu zake. Nyuma yake alisimama muuza mashine za maziwa, ameshakumbatia boksi la kwanza.

"Arvilla, Huff amenipigia. Anasema mmekiacha."

"Fomu ina sahihi ya nani?"

Delbert akafunua karatasi, ingawa alijua. "Yako."

"Basi."

"Si basi. Lazima pawe na shughuli. Mimi naona meza tupu na ndoo. Unauza nini?"

"Mwaka huu siuzi. Mwaka huu narudishiwa."

"Na nani?"

Arvilla akawatazama waliokuwa wakipita. Delbert akatoa saa mfukoni, akaishika mkononi. Yule wa mashine akaweka boksi lake chini, karibu kabisa na mguu wa meza, na Arvilla akalisukuma nyuma kwa kiatu.

Zilikuwa zimebaki dakika tano ilipotoka zizini sauti ambayo kila mtu aliijua. Roscoe Tibbets, mfuga nguruwe, mdomo mkubwa kuliko wote katika kaunti.

"Heee! Mama Tembo mwenyewe! Na leo una kanda gani ya kutusikilizisha?"

Watu wakacheka. Wengine wakasimama.

"Ulituuzia mbuzi kwenye gunia, Arvilla! Njia ya mwongo ni fupi, na ya dalali wake je?"

"Ya dalali inaishia hapa kwenye hiki kiti, Roscoe. Beji yako iko wapi?"

Roscoe akashtuka kidogo. Mkono ulipanda wenyewe kwenye kofia yake. Ilikuwa pale, imeshika kutu.

"Nilisahau kuitoa."

"Itoe. Rudisha mali mbovu, useme unalotaka kusema. Nasikiliza."

Roscoe akaichomoa, akaitupa ndooni. Bati lililia hadi ndani ya zizi. Kisha akasema aliyotaka kusema, na hayakuwa maneno ya Jumapili. Arvilla hakumkatiza. Alipomaliza, nyuma yake walikuwa wamepanga foleni watu wanne.

"Delbert," alisema Arvilla, "hiyo ndiyo shughuli."

Delbert akatazama saa, akatazama ndoo, akaandika. Muuza mashine akabeba boksi lake.

Mchana kutwa bati lililia. Mmoja alimwita mjinga, mwingine akamwita mwizi, na huyo wa pili Arvilla alimrekebisha: "Mjinga sawa. Mwizi hapana." Saa tisa hivi akaja Neva Kessler, jirani yake, ambaye hakuwa amemsemesha tangu Mei, habari za kanda zilipochacha.

"Baba yangu alikuwa wa punda, chama pinzani," Neva alisema. "Babu yangu alikuwa wa punda. Ukaja jikoni kwangu, pai yangu iko mdomoni mwako, ukaniambia huyu hasemi uongo."

"Nilisema."

"Ulijua?"

"Sikujua. Lile trekta la mumeo nililikagua mpaka chini ya injini kabla ya kuwauzia. Huyu sikumfungua hata boneti."

Neva alimtazama sana. Beji yake hakuitupa, aliiweka polepole juu ya zile nyingine.

"Siku nyingine ukija jikoni kwangu, uje bila beji."

"Na pai itakuwepo?"

"Usinizoee, Arvilla."

Saa kumi akatokea Clayton Huff mwenyewe, suti ya kijivu, tabasamu limenyooshwa kwa pasi. Alikuwa ameona foleni kutoka mbali.

"Kumbe watu bado wanakuja! Kazi nzuri, Bi Stroud. Sasa nipishe nikae kidogo, waone kwamba chama kipo."

Arvilla akainuka. Akapangusa kiti kwa kiganja.

"Kaa, mwenyekiti. Ila ndoo uipakate. Kila anayekuja anataka kumwona aliyeishika."

Huff akaitazama ile ndoo, imejaa beji hadi ukingoni, zina kutu, na uso wa Rais uleule mara mia tatu. Kwenye foleni mkulima mmoja akajikohoza.

"Kaa basi, Bwana Wakili. Mimi nina langu la kusema tangu asubuhi."

Huff akakumbuka kwamba ana mtu anamngoja mjini.

Delbert alipita na fomu za mwaka unaofuata. Arvilla akatia sahihi akiwa amesimama, akakaa tena, akaivuta ndoo karibu.

"Haya," akamwambia yule mkulima. "Anza."