Kidole cha Mshika Maikrofoni

Katika lile kundi la marafiki waliokuwa wakitengeneza filamu fupi, aliyeogopwa kuliko wote alikuwa mshika maikrofoni. Hakuwa mkali. Alifumba tu macho, akainamisha kichwa upande, halafu akainua kidole kimoja, na kila mtu akajua kazi imesimama. Alikuwa ameshazima friji, ameing'oa saa betri na kumvua mwongozaji bangili zake. Mpiga picha alipomeza mate, alimtazama mpaka akaomba radhi. Jioni ile filamu ilipaswa kutumwa kwenye shindano, na kilichobaki ni pale mama anapomuaga bintiye. Mama huyo aliigizwa na mama mzazi wa mwongozaji, aliyeyasoma maneno yake kama anayetangaza hali ya hewa. Jua lilipoanza kuhama dirishani, akaiweka karatasi chini, akamgeukia msichana mwenye begi. "Ukifika usinipigie simu, mwanangu," akasema. "Nikisikia sauti yako nitakwambia urudi." Safari hii kidole hakikuinuka.

Walipoketi kuunganisha picha, mwongozaji alikunja uso. "Mbona kuna mtu anavuta kamasi hapa?"

"Jirani," akajibu mshika maikrofoni.

"Jirani gani, wakati inasikika karibu kabisa na maikrofoni?"

"Kuta zenyewe nyembamba."

"Basi naikata."

Mshika maikrofoni akamshika mkono. "Iache, shoga yangu."

Mwongozaji akamtazama kidogo, kisha akaiacha. Filamu ikatumwa hivyo hivyo, na mwishoni, chini ya majina yao wote, akaongeza shukrani kwa jirani.