Kutetea Usichokiamini

"Mume wangu alisema maneno yale, ao hakuyasema?"

Mke wa mwalimu aliniuliza hivyo akiwa amesimama mlangoni petu, mtoto mgongoni, na hakutaka kuketi. Waasi walikuwa wameushika mji wa Uvira kwa siku ya tatu. Mume wake walikuwa wamemfungia ndani ya depo ya pamba pamoja na makarani na wengine waliosemwa kuwa ni watu wa Wazungu. Nilikuwa msichana aliyesoma iniversite miaka miwili. Nilijua kulikata swali vipande vinne na kubishana na kila kipande. Swali lile la ndiyo au hapana lilinishinda.

Kundi letu la mijadala nililianzisha mwaka uliotangulia, niliporudi nyumbani baada ya masomo kukatika. Mjini kulikuwa na kwaya, mpira, dansi na vyama vya siasa, hasa vyama. Mtu alipofungua mdomo ulijua chama chake kabla hajafika mwisho wa sentensi. Jambo hilo lilinichosha. Nilitaka mahali ambapo mtu angeweza kusema "sijui" bila kuchekwa. Niliomba darasa moja la shule ya msingi, Jumamosi alasiri, nikabandika karatasi sokoni: *Njoo tufikiri pamoja.*

Siku ya kwanza tulikuwa wanne. Alikuja mwalimu wa darasa lile lile, nadhani kwanza kulinda madawati yake. Alikuja karani wa duwane, ofisi ya ushuru wa mpakani Kavimvira, mtu wa suruali iliyopigwa pasi sana. Na alikuja mama mmoja muuza ndagala, samaki wadogo wa ziwani, aliyeingia kukimbia jua. Akauliza kundi linauza nini. Nikamwambia tunauza maswali.

"Basi weye uko na biashara mbaya," akasema. "Maswali kila muntu iko nayo ku nyumba."

Lakini alibaki, na Jumamosi iliyofuata alirudi na dada zake wawili.

Wiki ya tatu mwalimu na karani walikaribia kushikana mashati kwa ajili ya vyama vyao. Ndipo nikatunga kanuni ambayo niliiona kuwa kitu bora nilichowahi kubuni. Kila mzungumzaji aniambie kwanza kwa siri anachokiamini. Ninakiandika katika kaye, daftari langu, kisha ninampa upande mwingine autetee kwa nguvu zake zote. Nilisema asiyeweza kutetea wazo la adui yake halijui hata lake. Kanuni hiyo niliiandika kwenye ukurasa wa kwanza na kuipigia mstari.

Kwa miezi kadhaa ilikuwa raha tupu. Karani alipewa kutetea kwamba kila kinachovuka mpaka kipite bure. Alizungumza vizuri mno hata mama wa ndagala akasimama: "Karani, kesho minye napita na vitunga vyangu. Usisahau sura yangu." Tulicheka hadi mwalimu akalazimika kugonga meza kwa chaki.

Kisha nikaleta swali langu: je, uhuru ulikuja mapema mno?

Nilijua mwalimu angejibu nini. Kwao ni Mutarule. Baba yake alichapwa kiboko kwa sababu ya shamba la pamba lililoota majani, naye, akiwa mtoto, alilazimishwa kutazama. Siku ya uhuru alilia mbele ya wanafunzi wake na hakuona aibu kutusimulia. Niliandika katika kaye maneno aliyoninong'oneza: *Ulichelewa. Baba hakuuona.* Halafu nikampa upande mwingine.

Alikataa. Akasema kuna maneno ambayo mdomo wake hauyataki hata kwa mchezo. Ningeweza kubadili swali, au kumpa mtu mwingine. Badala yake nilimuuliza, mbele ya wote, kama imani yake ni dhaifu kiasi kwamba nusu saa ingeivunja. Watu wakacheka. Mwalimu akanitazama kidogo, akavua koti, akasimama.

Sijasikia tena mtu akizungumza vile. Alisema tulipewa ufunguo wa nyumba na hatukuonyeshwa hata choo kiko wapi. Akataja hospitali isiyo na daktari, boti iliyolala bandarini Kalundu kwa kukosa fundi, watoto sita wanaosoma kitabu kimoja. Madirisha ya darasa hayakuwa na vioo, na vijana waliotoka uwanja wa mpira walikuwa wameegemea kuta za nje. Nao walicheka mwanzoni. Baadaye waliacha kucheka. Niliwaona. Nilifurahi, nikajiambia kwamba hatimaye barabara inasikiliza. Kanuni yetu niliitangaza kila mara mwanzoni, na wao walikuwa wamekuja katikati. Sikutoka kuwaeleza. Niliona kwamba maelezo yangeharibu uzuri wa hotuba.

Miezi ikapita. Uasi ulianza bondeni na milimani, na tukaanza kuona malori ya askari yakirudi upesi kuliko yalivyokwenda. Nilikumbuka kaye yangu. Majina yote yalikuwa humo, na maoni ya kila mtu juu ya Mungu, serikali na vyama. Nikaichana ukurasa kwa ukurasa na kuitia kwenye makaa ya mbabula ya mama yangu. Nilijipongeza kwa akili hiyo ya haraka. Sikufikiri hata kidogo kwamba nilikuwa nachoma karatasi pekee iliyoonyesha mwalimu aliamini nini.

Waasi waliingia baada ya siku mbili. Kesho yake walimfuata mwalimu nyumbani. Mtu fulani alikuwa amewaambia kwamba huyu ndiye aliyesema, mbele ya watu, kwamba uhuru ulikuja mapema.

Kwa hiyo mke wake alikuwa mlangoni petu. Nilimwambia kwamba aliyasema, lakini hayakuwa yake, nikaanza kueleza kanuni. Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza kama kuna karatasi. Nikamwambia nimeichoma.

"Basi twende," akasema. "Weye ndiye ulimupa ile maneno. Uende useme."

Nilimwambia atangulie, nivae viatu, nitamfuata. Akashuka barabarani bila kugeuka. Mama yangu akafunga mlango na kusimama mbele yake, lakini sitasema kwamba alinizuia. Hakuhitaji kunizuia. Viatu nilivivaa kesho yake asubuhi, na njia niliyoishika ni ya Kavimvira, katikati ya watu waliobeba magodoro, hadi nikavuka kwenda Bujumbura.

Mwalimu hakurudi. Mke wake, niliambiwa, alikwenda Mutarule na watoto. Sikuwahi kumtafuta. Nimehoji mambo mengi maishani, hata yale ambayo watu wenye adabu huyaacha, lakini kwa miaka mingi sikujihoji juu ya viatu vile. Nilijihoji juu ya kaye. Nilijiambia kwamba mwalimu alieleza kanuni, waasi hawakumwamini, na karatasi tu ndiyo iliyokosekana. Huzuni hiyo niliiweza.

Karani wa duwane alikuwa pamoja na mwalimu ndani ya depo, akaachiwa. Nilimkuta Uvira tukiwa sote na mvi. Hakutaka kuzungumzia jambo hilo, na mimi sikutaka kumsikia, hata ikapita miaka mingine kabla hajanieleza. Waasi walikuwa wamesikia kwamba kundi lile lina msichana aliyesoma anayewapa watu la kusema. Walimuuliza mwalimu mara mbili ni nani aliyempa maneno yale. Karani alimkanyaga mguu ili ataje kanuni. Mwalimu alijibu, mara zote mbili, kwamba hakuna aliyempa, na kwamba hayo ndiyo aliyoyaamini.