Wa Akili, Chumba Namba Tano

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Bernadina Mayala anafungua dirisha la mapokezi katika zahanati ya chuo kikuu kimoja mjini Shinyanga. Wanafunzi kumi na mmoja wameshapanga foleni. Anampa kila mmoja kalamu aandike mwenyewe kinachomsumbua, kisha karatasi inakunjwa.

"Zamani niliuliza kwa sauti, nikajibiwa kwa sauti," anasema karani huyu wa miaka 49, ambaye wanafunzi humwita Mama Klara. "Wengi walisema kichwa. Nami naandika kichwa, nawaelekeza maabara wakapimwe malaria."

Kila wiki huwapokea sita au saba wa "kichwa" wasio na malaria wala homa. Hawalali, hawali, wengine wamekata tamaa. Mshauri nasaha ni mmoja, naye huwaona wanafunzi chumba namba tano, Jumanne na Alhamisi tu.

Akifika kwenye habari ya Nkwabi, Bernadina anainamisha uso.

Mwaka jana, kijana huyo wa mwaka wa pili alifika dirishani mara tatu na kichwa kilekile. Mara ya nne akainama, akamnong'oneza: "Mama, akili yangu haiko sawa. Naogopa."

Bernadina akamwonyesha benchi. Zamu ya kijana ilipofika, ukumbi ukiwa umejaa, alipaza sauti kama alivyozoea kuwaita wa meno na wa macho: "Wa akili! Wa akili, chumba namba tano!"

Ukumbi mzima uliangua kicheko.

"Na mimi nilicheka," anasema, akijifunika mdomo kwa kiganja. "Naona aibu hata kukuambia, lakini nilicheka."

Nkwabi alinyanyuka, akaupita mlango wa namba tano, akatoka nje. Bwenini hakurudi tena. Ulimi hauna mfupa, na wa Bernadina ulikuwa umeshateleza.

Baada ya miezi miwili alisikia kijana yuko Maganzo, anachekecha changarawe akitafuta almasi. Jumamosi moja akapanda basi. Alimkuta amekonda, miguu imejaa tope.

"Shikamoo, mama."

Shikamoo hiyo ilimchoma kuliko tusi. "Marahaba, ng'wanone," alimwitikia kwa Kisukuma, yaani mwanangu. "Mimi ndiye niliyekutangaza. Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusamehe. Ila pale ukumbini nitapitaje? Wote wananijua ni wa akili."

Bernadina alimwomba namba ya simu. Aliondoka na hiyo tu, akaipeleka kwa mshauri, ambaye tangu hapo humpigia kijana kila Alhamisi. Chuo kimemkubalia aanze upya mwaka wa pili, na usajili unafungwa Ijumaa hii. Jana jioni aliandika ujumbe: "Nitajaribu, Mama Klara."

Tangu jana Bernadina hatulii. Kila mlango ukilia, anachungulia. Atakalofanya kijana akitokea ameshaliamua, na analisema taratibu, macho yakiwa kwenye benchi lilelile.

"Sitaita mtu. Nitafunga dirisha, ninyanyuke kwenye hiki kiti, nimfuate alipokaa, nimshike mkono twende hadi namba tano. Wakicheka, watucheke sote wawili."